Msamaha wa kodi ya hatifungani udaiwe kazi

Mkulima wa maharage wa Kabanga hana hatifungani. Hana akaunti ya dhamana katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wengi wa majirani zake hapa Kasulu na kule Kibondo hawana pia. Hata hivyo, kila mara mwenye hatifungani anapopokea riba yake bila kukatwa kodi, mkulima huyu amechangia. Amechangia kwenye sabuni aliyonunua dukani, kwenye petroli ya pikipiki inayobeba magunia yake, kwenye tozo na ushuru wa kila siku, kwa sababu pengo linaloachwa na kodi iliyosamehewa huzibwa na kodi isiyosamehewa. Msamaha huo ni fedha ya umma sawasawa na fedha ya bajeti. Anayeupata adaiwe kazi, na kazi hiyo ionekane.

Tunaandika kuhusu jambo hili kwa sababu nchi imeufungua mlango mpana na haikuweka mtu wa kuuliza anayepita anakwenda wapi. Kwa kawaida riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu ilikwisha kusamehewa. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikasamehe pia riba ya hatifungani za kampuni na za halmashauri zilizotolewa na kuuzwa hadharani kuanzia tarehe 1 Julai 2022, mradi muda wake wa kuiva usipungue miaka 3. Sababu yake ilikuwa nzuri. Kampuni au mamlaka ya maji haiwezi kushindana na Hazina kutafuta wakopeshaji ikiwa riba ya Hazina haikatwi na ya kwake inakatwa. Lakini sharti lililowekwa ni la muda na la soko tu. Sheria haiulizi fedha inakwenda kufanya nini. Hatifungani ya kuleta maji mjini na hatifungani ya kampuni inayotaka kujipanua kwa faida yake hupata msamaha uleule.

Msamaha una thamani gani? Mtu anayeridhika na riba ya asilimia 12 isiyokatwa kodi angedai takriban asilimia 13.3 kama ingekatwa zuio la asilimia 10. Tofauti hiyo ya asilimia 1.3 ndiyo nafuu anayoipata mkopaji. Kwa hiyo, ingawa karatasi inasema aliyesamehewa ni mwenye hatifungani, nafuu kubwa humwendea aliyekopa. Swali la kwanza la raia liwe hili: aliyekopa ni nani, na nafuu hiyo ameipeleka wapi?

Tuanze na Tanga, ambako jibu ni rahisi. Tarehe 22 Februari 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikisaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Mitaji wa Umoja wa Mataifa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini kutolewa na chombo cha ngazi iliyo chini ya serikali kuu. Wanunuzi walileta zaidi ya kiasi kilichoombwa. Fedha ni ya kupanua huduma ya maji, na inalipwa kwa mapato ya bili za maji. Mkopaji ni chombo cha umma, kwa hiyo nafuu ya kodi inabaki ndani ya gharama za maji ambazo mwananchi wa Tanga ataziona kwenye bili yake. Mtu wa Kabanga aliyechangia msamaha huo hanywi maji ya Tanga, lakini anaweza kuambiwa shilingi yake imefanya nini. Hilo tunalikubali.

Jambo linakuwa gumu zaidi kwa hatifungani ya pili, ambayo inatugusa moja kwa moja huku milimani. Mwishoni mwa Novemba 2024 Benki ya CRDB, kwa kushirikiana na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ilizindua Hatifungani ya Miundombinu ya Samia. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, muda ni miaka 5. Ilitafutwa shilingi bilioni 150, zikapatikana bilioni 323. Lengo ni kuwawezesha wakandarasi wazawa wanaojenga barabara za TARURA wasikae na vyeti vya kazi mkononi wakisubiri malipo huku mitambo imesimama.

Lengo hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote, na kila anayelima Kasulu anajua kwa nini. Barabara kuu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, na lami imebadilisha safari za watu wetu. Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia shambani, kwenye njia ya udongo mwekundu inayoshuka bondeni na kupanda tena, na mvua zetu huanza karibu na Oktoba zikaendelea hadi Aprili au Mei. Mtandao wa TARURA nchi nzima unazidi kilomita 144,000, sehemu kubwa ni udongo. Daraja dogo likikatika Februari, bei ya maharage na mihogo kijijini huanguka siku hiyohiyo hata kama bei ya mjini imepanda. Mkandarasi asiyelipwa kwa wakati hurudi baada ya mvua kuondoka na barabara. Fedha ya kumlipa haraka ni fedha ya maana sana.

Sasa tufanye hesabu. Riba ya asilimia 12 kwa bilioni 323 ni karibu shilingi bilioni 38.8 kwa mwaka. Kama wenye hatifungani wote wangekatwa zuio la asilimia 10, Hazina ingepata karibu bilioni 3.9 kwa mwaka, na zaidi ya bilioni 19 kwa miaka 5. Hiyo ndiyo sadaka ya umma. Kwa upande wa pili, ile tofauti ya asilimia 1.3 tuliyoitaja inampunguzia mkopaji gharama ya takriban bilioni 4.3 kwa mwaka. Lakini hapa mkopaji ni benki. Mkandarasi hakopeshwi na mwenye hatifungani, anakopeshwa na benki iliyokopa kwa mwenye hatifungani. Nafuu ya kodi inafika kwanza benki, na kutoka hapo itateremka hadi kwa mkandarasi na barabarani ikiwa masharti ya mkopo wa mkandarasi yataibeba.

Hatusemi benki imekosea. Imefanya biashara halali chini ya sheria iliyopo, na imekwenda mahali ambapo mabenki mengi huogopa kwenda. Tunachosema ni kwamba sheria haikudai iandikwe popote ni kiasi gani cha nafuu hiyo kinamfikia mkandarasi, na barabara zipi, za wilaya zipi, zimetengenezwa kwa fedha hiyo. Mwananchi wa Kasulu angekuwa na haki ya kufungua orodha na kukuta jina la barabara yake, au kukuta halimo. Bila orodha hiyo, neno “miundombinu” kwenye jina la hatifungani ni ahadi isiyo na mahali pa kuipimia.

Wamarekani waliipita njia hii kabla yetu na makosa yao yanafundisha. Tangu kodi yao ya mapato ianze mwaka 1913, riba ya hatifungani za majimbo na miji haikuhesabiwa kwenye kodi ya serikali kuu. Mwaka 1936 jimbo la Mississippi, maskini na la wakulima, liliruhusu miji yake kutumia hatifungani hizo kujenga viwanda na kuvikodisha kwa kampuni binafsi, na mji mdogo wa Durant ukajenga kiwanda cha soksi. Watu walipata ajira. Majimbo mengine yakaiga. Miongo michache baadaye hatifungani zisizo na kodi zilikuwa zikijenga maduka ya Kmart na migahawa ya McDonald's, biashara ambazo zingejengwa hata bila msaada wa mlipakodi. Mji ulitoa jina lake tu, kampuni ikakopa kwa bei ya umma.

Bunge lao likaanza kubana mwaka 1968, na halikumaliza mara moja. Sheria ya mwaka 1982 iliamuru kwamba hatifungani ya kugharamia mradi wa mtu binafsi isitolewe bila mkutano wa hadhara uliotangazwa mapema na idhini ya kiongozi aliyechaguliwa na wananchi. Ile ya mwaka 1986 ikaja na kipimo: ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya matumizi na ya malipo yake ni ya biashara binafsi, hatifungani hiyo hupoteza msamaha, isipokuwa mradi uwe kwenye orodha ya kazi zilizotajwa, kama viwanja vya ndege, maji, au nyumba za kupanga za watu wa kipato kidogo. Nyingi kati ya hizo zikawekewa kikomo cha kila jimbo kwa mwaka. Hospitali na vyuo visivyogawana faida viliachwa nje ya kikomo, na hadi leo ni miongoni mwa wanufaika wakubwa wa mfumo huo.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji wa Kabanga asimame kidogo. (Tunasema Kabanga yetu ya Kasulu, siyo ile ya Ngara yenye nikeli na mpaka.) Hapa petu ipo hospitali ya misheni ya Jimbo Katoliki la Kigoma, pamoja na chuo cha uuguzi. Siyo mali ya serikali. Kisheria ni taasisi binafsi. Lakini mama anayejifungua usiku haulizi mwenye jengo ni nani, na kazi inayofanyika humo ni ya umma kwa kila kipimo tunachokijua. Hospitali ya namna hii ikitaka jengo la upasuaji au mashine ya kutengeneza oksijeni, ina milango miwili: kumwomba mfadhili, au kukopa benki kwa riba ya kibiashara. Wakati huohuo kampuni kubwa ya Dar es Salaam inakopa sokoni kwa msamaha ambao wagonjwa wa hospitali hiyo wameuchangia.

Hospitali moja ya Kasulu haiwezi kwenda sokoni peke yake, tunalijua hilo. Waraka wa matarajio, wakaguzi, wanasheria, kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, vyote vina gharama ambayo ingemeza mkopo wa shilingi bilioni moja kabla tofali la kwanza halijawekwa. Marekani walitatua hili kwa kuwa na chombo kimoja cha jimbo kinachotoa hatifungani kwa niaba ya hospitali nyingi. Chombo kinakusanya fedha na kuzigawa. Kila hospitali inalipa sehemu yake kutokana na mapato yake. Chombo hakidaiwi zaidi ya kile hospitali zinacholeta. Sisi tuna pa kuanzia. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kukopa kwa idhini ya waziri, na ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Serikali za Mitaa. Chombo cha aina hiyo, kikipewa wataalamu na mipaka iliyo wazi, kingeweza kuzikusanya hospitali za mashirika ya dini kutoka mikoa kadhaa, au vyama vya ushirika vya kahawa vinavyotaka mitambo ya kukoboa, na kwenda sokoni mara moja kwa niaba ya wote.

Hatari zipo na wanunuzi waambiwe. Hospitali hutegemea sana malipo ya bima, na malipo ya bima yakichelewa, hatifungani nayo italala. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa vizuri itazipa hospitali kama hizi mapato ya kutegemewa, na ikitekelezwa vibaya hakuna mwekezaji mwenye akili atakayezikopesha, kodi iwepo isiwepo. Chama cha ushirika nacho kina misimu yake: mwaka wa bei mbaya ya kahawa, deni halipungui. Halmashauri isije ikaweka rehani ushuru wa mazao wa wananchi kulinda mradi ambao haukuwa wake.

Tena si kila hitaji ni la hatifungani. Kabanga inajulikana nchini na nje kwa sababu tangu miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, 2007 na 2008, watoto waliokimbizwa kuokolewa walipata hifadhi hapa, kwenye shule inayolea watoto wenye ulemavu. Bweni lao, ukuta wao, mafuta yao ya ngozi na miwani yao havizai mapato ya kulipa riba, na havitakiwi kuzaa. Hiyo ni kazi ya bajeti ya serikali moja kwa moja. Kila shilingi inayosamehewa sokoni bila sababu inapunguza uwezo wa bajeti hiyo. Anayeitetea misamaha kwa jumla ajibu kwanza hapo.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2019 kampuni binafsi ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi. Kenya iliamua pia kwamba riba ya hatifungani za kijani haitakatwa kodi. Msamaha ulifungwa kwenye aina ya kazi: jengo lipimwe, lithibitishwe kwamba linabana matumizi ya maji na umeme. Mtu anaweza kubishana kama hosteli za kulipia ndizo zilistahili, lakini angalau kulikuwa na sharti la kubishania. Upande wa pili ni hatifungani za miundombinu za serikali yao, zisizokatwa kodi. Februari 2024 moja ya hizo ilitolewa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Serikali iliomba bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 288, ikachukua karibu bilioni 241. Serikali inapotoa riba kama hiyo bila kodi, nani atamkopesha mwenye kiwanda, au hospitali, au mkulima? Benki hupumzika na kununua karatasi za serikali.

Tanzania haijafika huko, na riba za Hazina yetu zilishushwa mwaka 2022: ile ya miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.1. Lakini mwelekeo wa kukopa sokoni unakua, hatifungani mpya zinazinduliwa kwa shangwe, na majina yake yanapendeza kila mwaka zaidi. Huu ndio wakati wa kuweka masharti, wakati soko bado ni changa na wanaofaidika na ulegevu bado si wengi kiasi cha kuzuia mabadiliko.

Wapo watakaosema masharti yatawafukuza wawekezaji. Hatuoni hivyo. Mwekezaji huogopa sheria inayobadilika katikati ya safari. Haogopi sheria iliyo wazi tangu mwanzo. Kwa hiyo hatifungani zilizokwisha kutolewa ziachwe na msamaha wake hadi ziive. Kwa zitakazofuata, msamaha kamili upewe mradi unaotaja kazi ya umma kwa jina: maji, barabara, afya, elimu, umeme wa vijijini, maghala na usindikaji wa mazao ya wakulima wadogo. Kampuni inayokopa kwa shughuli zake za kawaida ilipe zuio kama mwenye akaunti ya akiba anavyolipa leo. Mkopaji akiwa ni benki inayokopesha wengine, itangaze nafuu ya kodi ni kiasi gani na wakopaji wake wamepunguziwa kiasi gani. Kila mwaka itolewe orodha ya kazi zilizofanyika, kwa wilaya, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi ya kata.

Na kabla hatifungani ya mradi wa wilaya haijatolewa, uitishwe mkutano wa hadhara kwenye wilaya hiyo. Watu wa Kasulu wanajua kuhoji. Wamezoea kuhoji bei ya pamba, ya kahawa, ya mbolea. Wakielezwa kwa lugha wanayoielewa kwamba kodi fulani haitakusanywa ili jengo fulani lijengwe, watauliza maswali ambayo hayaulizwi kwenye ukumbi wa hoteli ya Dar es Salaam: nani atalitumia, atalipa kiasi gani, na likishindwa nani anabaki na deni.

Kuna sehemu moja isiyohitaji kusubiri sheria mpya. TARURA ina ofisi Kasulu, ina ofisi Kibondo. Meneja wa wilaya anaweza kuliambia baraza la madiwani, kikao kijacho, ni wakandarasi wangapi wa wilaya wamepata fedha za Hatifungani ya Samia na kwa barabara zipi. Ikiwa hakuna hata mmoja, baraza lijue kwa nini: je, wakandarasi wetu wadogo hawana vigezo vya benki, au hawakuambiwa? Kila jibu lina dawa yake, na dawa ya la pili ni semina ya siku moja.

Yanayobaki ni ya Dodoma. Muswada wa Fedha husomwa bungeni kila Juni, na kamati ya bajeti hupokea maoni ya wadau kabla haujapitishwa. Wabunge wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko wanaweza kwenda na pendekezo moja lililoandikwa, na halmashauri zetu zinaweza kupeleka barua zao wenyewe bila kumsubiri mbunge. Madiwani waliweke jambo hili kwenye ajenda ya robo hii ya mwaka, ili barua ifike kabla ya Juni.